Mbwa wetu ana saratani, na vidonge bado viko kabatini

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Naandika usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Mchana siwezi kulizungumza jambo hili bila kulia, na mume wangu amechoka kuniona nalia.

Tuna mbwa anaitwa Bobi. Ni chotara wa German Shepherd, dume aliyehasiwa, ana miaka 7, na alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 30. Tunaishi Moshi. Wiki saba zilizopita nilikuwa namtoa kupe, nikapapasa chini ya taya nikakuta manundu mawili, kila moja kama ndimu. Hayamuumi. Nikiyabonyeza ananitazama tu. Nikadhani ni mitoki ya kawaida, labda kupe au jino bovu, nikanyamaza. Wiki mbili baadaye nikakuta mengine mbele ya mabega na nyuma ya magoti, pande zote mbili. Hapo ndipo nikashtuka.

Daktari wa mifugo wa karibu alimchoma antibiotiki siku tano, hayakupungua. Tukakodi Noah tukaenda Arusha. Daktari wa huko alichoma sindano nyembamba kwenye tezi ya nyuma ya goti, akapaka alichokipata kwenye vioo, akapeleka maabara. Majibu yakarudi: limfoma, saratani ya tezi. Akasema kuna tibakemikali (dawa za kuua chembe za saratani) ya dawa nne kwa karibu miezi sita, jumla shilingi milioni 2.4 bila nauli. Au vidonge vya prednisoloni peke yake. Au tumpumzishe. Akanipa pakiti ya vidonge nianze kumpa wakati tunafikiri. Leo ni siku ya nne, pakiti iko kabatini, sijampa hata kimoja. Sijui kwa nini. Nahisi nikimpa nitakuwa nimekubali kwamba anakufa.

Bobi mwenyewe bado anakula ugali wake na dagaa, anabweka getini, anatikisa mkia.

Akiba yetu ni milioni 1.8, na ni ya kijana wetu wa darasa la saba ambaye Januari anaanza kidato cha kwanza shule ya bweni. Baba yake anasema hatuwezi kumtibu mbwa kwa ada ya mtoto. Rafiki yake amemwambia kuna mtu wa kummaliza Bobi kwa tonge la sumu, elfu ishirini tu, kisha kijana tumwambie mbwa amepotea, maana mtihani umekaribia. Jirani anasema mbwa wake naye alikuwa na saratani akapona kwa sindano nne, kwa hiyo huyu wa Arusha anatafuta hela. Mama mkwe ameleta maji ya mwarobaini.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Mwaka 2021 nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Bobi ndiye aliyebaki amelala kwenye mkeka wangu mpaka nilipoweza kuamka. Sasa naogopa kumtesa kwa madawa kwa sababu tu mimi siwezi kumwachia. Na nikiacha, je, nimemuua kwa sababu ya hela? Ningewahi ningemwokoa?

Mama wa Moshi

JIBU

Marahaba, mama, na pole sana. Pole kwa Bobi, na pole pia kwa mtoto wako wa 2021.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umeniuliza kama kumtibu ni kumtesa, kama kutomtibu ni kumuua, na kama ulichelewa. Ndani yake kuna ada, baba watoto, kijana asiyejua lolote, na maneno ya watu. Nitayafikia, lakini nianze na pakiti iliyo kabatini, kwa sababu ndiyo yenye saa inayokwenda.

Prednisoloni ni dawa nzuri kwa limfoma. Ndani ya siku chache manundu hupungua, mbwa huchangamka, hamu ya chakula hurudi. Tatizo ni mpangilio. Ikitumika peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya tibakemikali, chembe za saratani zinazosalia ni zile zilizozoea kuisukuma dawa nje ya mwili wake, na zikishajua kuisukuma hiyo, huzisukuma na nyingine zitakazofuata. Mbwa aliyemeza prednisoloni mwezi mzima kisha akaanza tibakemikali huitikia vibaya kuliko aliyeanza zote pamoja. Kwa hiyo kusita kwako siku hizi nne hakujamdhuru, kumekuachia mlango wazi. Ila limfoma ya aina hii haisubiri. Bila dawa yoyote, mbwa wengi huishi wiki nne hadi sita tangu ijulikane. Una siku chache za kufikiri, huna wiki nyingi. Mpigie daktari umwambie hivi: "Sijaanza vidonge. Nikichagua tibakemikali, nianze lini?" Swali hilo moja litabadilisha mazungumzo yenu. Na kama siku moja utampa vidonge hivyo, hutakuwa umesaini kifo cha mtu. Utakuwa umempa nafuu.

Sasa kuhusu kuchelewa. Ulipapasa, ukadhani ni kupe. Hukukosea kufikiri hivyo. Huku kwetu ugonjwa wa kupe uitwao erlikia huvimbisha tezi za mbwa, jino bovu huvimbisha za chini ya taya, na hata daktari mzoefu angeanzia hapo. Ndiyo maana sindano ilichomwa nyuma ya goti, ambako mdomo hauchafui majibu. Limfoma haikuletwa na kupe wala ugali, na karibu kila mara hugundulika ikiwa tayari imeenea kwenye tezi nyingi, kwa sababu haiumi. Wiki mbili ulizonyamaza hazikumnyang'anya Bobi uponyaji. Kinachopima hali yake zaidi ya ukubwa wa manundu ni kama anajisikia mgonjwa au la, na wewe umeniandikia kwamba anakula na anabweka getini. Mbwa anayeanza matibabu akiwa hivyo ana nafasi nzuri kuliko aliyekwisha kunyong'onyea.

Neno "kupona" linahitaji kusogezwa pembeni kidogo. Jirani yako hakudanganya. Mbwa wake, naamini, alikuwa na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni wa kawaida sana kwa mbwa wanaozurura Afrika Mashariki. Ule hutibiwa kwa sindano za vinkristini, moja kila wiki, nne au sita hivi, na wengi hupona kabisa. Ni saratani, lakini siyo hii. Limfoma huzimwa, haing'olewi. Ikizimwa manundu hupotea, mbwa hurudi kuwa mbwa kwa miezi kadhaa, kisha siku moja ugonjwa hurudi. Wanaopona moja kwa moja ni wachache sana. Kwa hiyo daktari wa Arusha hakuuzii uzima. Anachouza ni muda, na swali la nyumba yenu ni muda kiasi gani, wa namna gani, kwa gharama gani.

Umeeleza njia kama tatu. Mimi naona ya nne ambayo huenda haikutajwa.

Ile ya dawa nne (vinkristini, siklofosfamidi, doksorubisini na prednisoloni) huzima ugonjwa kwa mbwa wanane au tisa kati ya kumi. Limfoma huanzia kwenye chembe nyeupe za damu za aina B au T. Kama ni ya aina B, nusu ya mbwa huvuka takriban mwaka mmoja, na kama wawili kati ya kumi hufika miaka miwili. Ikiwa ni aina T, muda hupungua, mara nyingi miezi sita hadi tisa. Si rahisi kupata hapa kipimo cha kutofautisha B na T, lakini kuna dalili za kuuliza. Kalsiamu ikipanda kwenye damu, au picha ya eksirei ikionyesha uvimbe ndani ya kifua, uzito huegemea kwenye T. Mbwa mwenye kalsiamu nyingi hunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana. Hukusema lolote kuhusu maji ya Bobi, kwa hiyo yaangalie. Kipimo hicho kimoja cha damu ni rahisi kuliko dozi yoyote, na kinaweza kukuamulia mengi. Omba pia apimwe erlikia, si kwa sababu nina shaka na majibu ya maabara, ila ugonjwa huo hushusha chembe sahani za kugandisha damu, na ukiwepo lazima utibiwe kwanza au sambamba.

Njia hii ina ziara kama 16. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na dereva wa basi hatakubali mbwa wa kilo 30. Ukizidisha Noah mara 16, kwenda na kurudi, hiyo milioni 2.4 si bei yako halisi. Iandikeni bei nzima kwenye karatasi mkiwa wawili.

Ya nne ni doksorubisini peke yake, dozi moja kila baada ya wiki tatu, tano au sita tu. Mbwa wengi huitikia, na muda wa kawaida ni kama miezi sita hadi minane. Kwa kilo 30 dozi moja ni takriban miligramu 30, na dawa hii huja kwenye vichupa vya miligramu 10 na vya 50. Muulize daktari atatumia vipi na mabaki yatalipiwa na nani. Ni dawa ile ile ya binadamu, kwa hiyo hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Ila ya majimaji hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na iliyosafiri juani kwenye mfuko wa plastiki si ya kumchoma mtu wala mbwa. Tazama tarehe ya kuisha, na kama kifuniko chake hakijafunguliwa.

Doksorubisini ina hatari mbili za kujua kabla. Kwanza, ikivuja nje ya mshipa huua nyama, na kidonda chake huonekana siku kadhaa baadaye na huweza kugharimu mguu. Kwa hiyo kanula (mrija mdogo wa mshipani) iwekwe kwa mchomo mmoja safi, isukumwe kwanza maji ya chumvi, dawa ipite polepole dakika 20 au 30, na Bobi ashikwe na mtu anayemwamini. Mtu huyo labda ni wewe, umevaa glovu. Kama mshipa wa kwanza umeharibika, daktari mwangalifu hatarudia pale pale. Pili, inachosha moyo, na uchovu huo hujumlika, ndiyo maana haizidi dozi sita. Ultrasaundi ya moyo kabla ya kuanza ni busara.

Prednisoloni peke yake humpa mbwa mwezi mmoja au miwili. Kwa uzito wa Bobi madaktari wengi huanza na karibu miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 5, kisha hupunguza. Fuata alichoandika wako. Atakunywa maji sana, atakojoa ndani, atahema, atakuwa na njaa ya kuiba. Visikatishwe ghafla. Na nakuomba hili lisikike na kila mtu nyumbani: asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kwa huruma. Pamoja na prednisoloni zinatoboa tumbo la mbwa, na nimeona wengi wakidhani amekufa kwa saratani. Paracetamol nayo iacheni.

Unaogopa mateso, nami naelewa, kwa sababu sote tukisikia tibakemikali tunamkumbuka ndugu aliyenyonyoka nywele na kutapika kutwa. Kwa binadamu dozi hupandishwa sana kwa kuwa lengo ni kuponya. Kwa mbwa hupunguzwa makusudi, kwa kuwa lengo ni siku njema. Mwenye manyoya kama ya Bobi hanyonyoki, labda sharubu. Wengi hulegea siku moja au mbili, hukataa chakula kati ya siku ya pili na ya tano, kisha hurudi. Muombe daktari dawa ya kutapika na ya kuharisha uondoke nazo mkononi siku ile ile, usisubiri kuzitafuta usiku wa manane.

Wachache, pungufu ya mmoja kati ya kumi, huugua kiasi cha kulazwa. Siku za kuziangalia ni ya saba hadi ya kumi baada ya doksorubisini, chembe nyeupe zinapokuwa chini kabisa. Nunua kipimajoto cha kawaida, ukipake mafuta, ukiingize njia ya haja kubwa kama sentimita mbili. Nyuzi 38.3 hadi 39.2 ni kawaida ya mbwa. Ikifika 39.4 na amenyong'onyea, usisubiri asubuhi. Katika siku hizo utumbo mbichi wa buchani asipewe, upikwe. Mkojo ukiwa mwekundu siku moja au mbili baada ya doksorubisini, hiyo ni rangi ya dawa. Ukiwa mwekundu baada ya siklofosfamidi ni damu, kibofu kimeungua, na dawa hiyo isimamishwe. Ndiyo maana vidonge vya siklofosfamidi hupewa asubuhi, bila kukatwa wala kusagwa, na mbwa hutolewa nje kukojoa mara nyingi. Siku tatu baada ya kila dozi, kinyesi na mkojo viokotwe na kuoshwa kwa glovu, mbali na tuta la mchicha, na mjamzito asivishike.

Kuna jambo moja la kupunguza safari. Kabla ya kila dozi lazima chembe nyeupe zihesabiwe, na neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi) zikiwa chini ya 1,500 hadi 2,000 kwa mikrolita dozi huahirishwa wiki. Muulize yule daktari wenu wa Moshi kama anaweza kuchukua damu siku moja kabla na kutuma majibu Arusha kwa simu. Mtakuwa mmeokoa Noah ya bure. Muulize pia wa Arusha kama amewahi kutoa doksorubisini, na mara ngapi. Si swali la dharau. Kama hajazoea, anaweza kushauriana na hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine, Morogoro.

Mwarobaini wa mama mkwe mpokee kwa heshima, mshukuru, lakini usimpe Bobi akiwa kwenye dawa. Ni mchungu, utamtapisha, na utashindwa kujua kilichomtapisha ni kipi.

Sasa baba watoto. Sisomi ukatili kwenye maneno yake. Nasoma mtu aliyeweka shilingi juu ya shilingi kwa ajili ya mwanawe na ghafla anaona mkono unanyooshwa kuelekea pale. Ada ni kitu cha kweli. Lakini labda mnabishana juu ya milioni 2.4 kana kwamba ni zote au sifuri. Je, mkikaa na kukubaliana kiasi kisichogusa bweni, hata kama ni cha dozi mbili tu? Kuanza si kiapo. Baada ya dozi ya kwanza manundu huanza kusinyaa ndani ya siku chache. Yasiposinyaa, mmejua, na mnaweza kusimama pale bila deni la miezi sita. Hatari ya njia hii nayo niiseme: ni rahisi kusema dozi mbili, kisha ya pili ikifanya vizuri ukashindwa kutoitaka ya tatu. Semeni mapema, mkiwa na utulivu, nani atasema basi.

Na mkiamua hakuna hata dozi moja, huyo pia ni mbwa anayetunzwa. Kuna familia zenye fedha ambazo huchagua prednisoloni, mlo mzuri na jua la asubuhi, kwa sababu mbwa wao anatetemeka akiona tu mlango wa kliniki. Bobi yukoje kliniki? Hukuniambia, na ni jambo la kuhesabiwa.

Kuhusu tonge la sumu sitazunguka. Sumu ya namna hiyo huua kwa mishtuko, mbwa akiwa na fahamu zake, na huacha hatari kwa watoto, kuku na mbwa wa jirani. Kama siku ya kumpumzisha ikifika, iwe kwa daktari: kwanza sindano ya kumtuliza alale, kisha dawa ya usingizi kwa wingi kwenye mshipa. Hupoteza fahamu ndani ya dakika moja. Macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au kukojoa, na hayo hayasikii tena. Uliza ni dawa gani itatumika. Kaburi liwe na kina cha mita moja au zaidi, kwa sababu dawa hubaki kwenye nyama na huua mbwa au ndege atakayefukua.

Utaijuaje siku hiyo? Daktari mmoja wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, ametoa kipimo ambacho kinafaa hata jikoni kwako: maumivu na pumzi, chakula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila kimoja kipe alama 0 hadi 10. Jumla ikiwa zaidi ya 35, bado maisha yanabebeka. Jaza wewe, na baba watoto ajaze yake bila kuangalia yako. Mara nyingi alama mbili zikiwekwa pamoja, ugomvi hupungua, kwa kuwa sasa mnamtazama Bobi, si kutazamana.

Kijana wako. Ukimwambia mbwa amepotea, atatoka kumtafuta. Ataita jina lake mitaroni, ataacha geti wazi usiku, na siku moja jirani yule yule wa sindano nne atamwambia ukweli. Najiuliza kama hiyo ni nyepesi kwa mtihani kuliko maneno matatu leo: Bobi anaumwa sana, madaktari hawawezi kumponya, tunaangalia namna ya kumfanya asiumie. Mnamjua ninyi, sio mimi. Kuna watoto wanaohitaji kuambiwa baada ya karatasi ya mwisho, na kama mtasubiri, subirini bila uongo. Lakini mtoto wa umri huo anayeishi na mbwa huyo kila siku huenda ameshayapapasa manundu mwenyewe na ananyamaza kama wewe ulivyonyamaza.

Nimebakiza ulilosema mwisho. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka, na Bobi akabaki kwenye mkeka. Sishangai kwamba pakiti ile ni nzito. Huenda unalia kwa ajili ya wawili, na mmoja wao hakuna aliyewahi kukuruhusu kumlilia kwa jina. Unaniuliza kama unamng'ang'ania Bobi kwa ajili yako mwenyewe. Labda kidogo, na sioni kosa hapo, ilimradi maumivu yake yakianza uweze kuyaona. Lakini baba watoto naye alimzika mtoto yule. Je, anajua Bobi alikufanyia nini mwaka ule? Umesema hujamwambia mtu. Sijui angejibu nini akijua. Najua tu kwamba kwa sasa anahesabu ada dhidi ya mbwa, kwa sababu ndicho alichoonyeshwa.

Kesho kabla ya kumpigia daktari, chukua rula na daftari. Mlaze Bobi ubavu, shika tezi ya nyuma ya goti kati ya vidole viwili, pima urefu wake kwa sentimita, kisha ya mbele ya bega, kisha ya chini ya taya. Andika tarehe. Pima na maji anayokunywa kutwa: jaza bakuli kwa chupa ya lita moja, jioni uone kilichobaki. Kwa mbwa wa kilo 30, akipita lita tatu kwa siku ni nyingi mno, na hilo lisemwe la kwanza kwenye simu.